Karatasi Isiyoshonwa: Viambatisho vya Vitabu na Ushahidi wa Historia ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha kale neno chuo halikuwa na maana ya shule peke yake. Chuo kilikuwa kitabu, na mahali pa kusomea paliitwa chuoni kwa sababu ndipo vyuo vilipofunguliwa. Ndiyo maana utendi wa Tambuka, ambao nakala yake mashuhuri ina tarehe ya mwaka 1728, umejulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali. Neno hilo linaibua swali ambalo wanafunzi wa lugha hawaliulizi mara nyingi: mipaka ya chuo ni ipi? Je, chuo ni kurasa zilizoshonwa pamoja na kutiwa jalada, au ni pamoja na vile vyote vilivyowekwa ndani yake na mikono ya waliokisoma?

Swali hili si la wanafalsafa tu. Kila mkutubi hukutana nalo. Mswada ukiletwa maktabani, mara nyingi hutoka ndani yake vitu ambavyo havikushonwa: barua iliyokunjwa mara nne, kipande cha karatasi chenye maana ya maneno magumu, orodha ya tarehe za kuzaliwa watoto, stakabadhi ya deni, hirizi. Kitabu kilichopigwa chapa nacho huja na vyake: ramani iliyokunjwa na kutiwa katika mfuko wa jalada la nyuma, kikaratasi cha masahihisho, kaseti, diski. Vitu hivi havina mahali pake katika rafu. Ni vidogo, vinaanguka, vinapotea, na mara nyingine vinaharibu kitabu chenyewe. Basi hutolewa kwa nia njema kabisa, ili kitabu kikae safi.

Mhadhara huu unajadili historia ya viambatisho hivyo katika uwanja mmoja tu, yaani miswada na vitabu vya Kiswahili. Hoja yake ni kwamba katika taaluma ya Kiswahili kiambatisho kisichoshonwa si nyongeza. Kwa sababu ya jinsi Kiswahili kilivyoandikwa kwa karne nyingi, na kwa sababu ya njia ambayo miswada yake ilifika maktabani, mara nyingi karatasi iliyo huru ndiyo inayoeleza namna ya kuisoma ile iliyoshonwa. Anayezitenganisha bila kuandika alichokifanya hufuta ushahidi wa lugha, na ushahidi huo haurudi.

2.0 Vitu Visivyoshonwa katika Utamaduni wa Pwani

Ni vyema kuanza kwa kukumbusha kwamba utamaduni wa Kiislamu, ambao ndio uliowalea waandishi wa kale wa Kiswahili, ulikuwa na uzoefu mrefu wa kutunza karatasi ambazo hazijashonwa. Mnakili aliandika juu ya karatasi zilizokunjwa, na kazi ya kushona ilifuata baadaye, pengine kwa mkono wa mtu mwingine. Ili mpangilio usivurugike, ilikuwa desturi kuandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Neno hilo halikuwa sehemu ya matini. Lilikuwa kamba ya maneno iliyozifunga karatasi kabla ya uzi kuzifunga. Msomaji aliyekuta kurasa zimemwagika sakafuni aliweza kuzirudisha kwa kufuata maneno hayo moja baada ya jingine.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya watu wa pwani ni ule wa juzuu. Msahafu hugawanywa katika juzuu 30, na kwa ajili ya hitima juzuu hizo hutengenezwa kila moja na jalada lake na kuwekwa pamoja katika sanduku moja. Watu wakikusanyika hugawiwa, kila mmoja akasoma yake, na kwa njia hiyo msahafu mzima ukasomwa katika kikao kimoja. Kisomo kikimalizika juzuu hukusanywa, huhesabiwa na kurudishwa sandukuni. Ikikosekana moja hujulikana mara moja, kwa maana kila moja ina namba yake na idadi nzima inafahamika na wote. Hapa pana mambo matatu ya kuzingatia: vitu vimeachwa huru kwa sababu kuwa huru ndiko kunakovifanya vitumike, vina makazi mamoja, na vina hesabu. Ni mambo hayo matatu ambayo maktaba nyingi za kisasa zimeyakosa katika kutunza viambatisho.

Aidha, yafaa kukumbuka kwamba miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyosalia, yamo yasiyo kitabu hata kidogo. Mwaka 1994 Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl walichapisha uchunguzi wa barua ya Kiswahili iliyotoka Kilwa Kisiwani mapema katika karne ya 18, karatasi moja tu, iliyohifadhiwa katika nyaraka za Goa. Karatasi hiyo haikutunzwa kwa ajili ya Kiswahili chake. Ilitunzwa kwa sababu iliingia katika nyaraka za utawala wa Wareno, na kazi ya utawala ni kuweka barua pamoja na jambo linaloihusu. Laiti mtu angeiona ni kijikaratasi kisichosomeka, akakitoa ili jalada likae vizuri, wanahistoria wa lugha wangekuwa maskini zaidi leo.

3.0 Kwa Nini Hati ya Kiarabu Ilihitaji Msaada

Umuhimu wa kiambatisho katika miswada ya Kiswahili hauwezi kufahamika bila kuangalia hati iliyotumika. Herufi za Kiarabu ziliwafaa Waswahili kwa mengi, lakini katika umbo lake la asili hazikutosheleza sauti za Kiswahili. Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo alama moja ilibeba i na e, na alama nyingine ikabeba u na o. Kwa upande wa konsonanti, herufi be iliandikwa kwa b, kwa p na kwa mb. Herufi dali kwa d na kwa nd. Herufi fe kwa f na kwa v. Nazali iliyo mbele ya kipasuo mara nyingi haikuandikwa kabisa.

Matokeo yake yanaonekana kwa mfano mdogo. Mnakili akiandika be yenye irabu a, kisha dali yenye irabu a, msomaji anaweza kusoma panda au banda. Akichagua panda, bado hajui kama ni kitenzi cha kukwea, au ni nomino ya kijiti chenye ncha mbili, ambayo katika Kimvita hutamkwa kwa mpumuo. Vivyo hivyo, herufi zilezile zaweza kusomwa pita au peta. Katika utendi wenye vina, kina humsaidia msomaji mwishoni mwa mshororo, lakini hakimsaidii katikati.

Waandishi wenyewe hawakuona kwamba hili ni dosari. Mswada haukuandikwa ili mgeni ausome kimya. Uliandikwa ili mtu anayeujua utungo, au anayeijua lugha ya utungo, aughani mbele ya watu. Karatasi ilikuwa ukumbusho wa sauti. Shida ilianza pale mswada ulipovuka bahari na kuacha sauti nyuma. Hapo ndipo vilipoanza kuandamana nao vikaratasi vya maelezo: unukuzi kwa hati ya Kirumi, tafsiri ya maneno ya Kiamu au Kimvita, jina la aliyeghani, sababu ya utungo kutungwa.

Walikuwepo pia waliojaribu kuirekebisha hati yenyewe ili ijitegemee. W. E. Taylor, mmisionari aliyefanya kazi Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, aliongeza alama katika herufi za Kiarabu ili kutenganisha sauti hizo. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa (1891–1947) naye alitumia hati iliyorekebishwa katika magazeti yake ya miaka ya 1930. Hata hivyo, sehemu kubwa ya miswada iliyosalia imeandikwa kwa hati isiyorekebishwa. Kwa miswada hiyo, msaada hauwezi kupatikana ndani ya mstari. Lazima utafutwe kando yake.

4.0 Karatasi za Taylor na Mashairi ya Muyaka

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840. Muyaka hakuacha diwani. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu wa Mombasa zaidi ya miaka 40 baada ya kufa kwake, hadi Taylor alipoyakusanya kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa mji huo. Sikujua aliyaandika kwa hati ya Kiarabu na kuyafafanua; Taylor akaweka maelezo yake. Baada ya kifo cha Taylor mwaka 1927 karatasi hizo zilihifadhiwa katika chuo cha taaluma za Mashariki na Afrika cha London, kijulikanacho kwa kifupi SOAS. Kutokana nazo William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz akatoa uchunguzi wake mkubwa mwaka 1979.

Kwa nini maelezo hayo yana uzito? Kwa sababu shairi la Muyaka ni jibu. Alitunga katika mji wenye mivutano: utawala wa Mazrui, ugomvi wa Mombasa na Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, na mashindano na Seyyid Said bin Sultan, ambayo yalikwisha mwaka 1837 kwa Mombasa kuangukia mikononi mwake. Shairi la beti moja au mbili huweza kuwa limemlenga mtu fulani, siku fulani, kwa neno ambalo watu wote wa mjini walilijua na ambalo mgeni hawezi kulijua. Likisomwa bila kisa chake, hugeuka kuwa fumbo au, vibaya zaidi, huonekana kuwa shairi la mapenzi au la methali za kawaida.

Tuseme basi kwamba mkutubi fulani angeyatenga makundi mawili ya karatasi hizo: mashairi yakaenda kwenye miswada ya fasihi, na maelezo yakaenda kwenye nyaraka binafsi za mmisionari. Kila kundi lingekuwa mahali panapostahili kwa mujibu wa aina yake. Lakini mtafiti wa fasihi angekuwa na ushairi usio na kisa, na mtafiti wa historia ya misheni angekuwa na visa asivyovihitaji. Uainishaji sahihi wa kila kitu ungezaa upotevu wa kitu kizima. Ni kwa ajili ya hatari hiyo wahifadhi nyaraka wa Ufaransa walielekezwa tangu mwaka 1841 kwamba karatasi zilizotoka chimbuko moja zibaki kundi moja, wala zisitawanywe kufuata mada. Kanuni hiyo iliingia katika nyaraka za serikali mapema kuliko ilivyoingia katika maktaba za vitabu, ambako desturi ya kupanga kwa mada ilikuwa na nguvu zaidi.

5.0 Barua za Mnakili

Jina la Muhamadi Kijuma wa Lamu (takriban 1855–1945) linajulikana kwa kila anayesoma tenzi. Alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchonga milango na mnakili mwenye mkono mzuri. Nakala zake zilikwenda kwa Alice Werner, kwa Hichens, na kwa Ernst Dammann, aliyefika Lamu katika miaka ya 1930. Sehemu kubwa ya kile ambacho Ulaya ilikijua kuhusu ushairi wa Kiamu katika miaka hiyo ilipita katika kalamu ya mtu huyu mmoja.

Pamoja na nakala, Kijuma aliandika barua. Kwa muda mrefu barua hizo zilichukuliwa kuwa jambo la pembeni, vifungashio vya tenzi. Mtazamo huo ulibadilika. Dammann mwenyewe aliorodhesha miswada hiyo katika katalogi kubwa ya miswada ya Kiswahili na lugha nyingine za Afrika iliyotolewa Ujerumani mwaka 1993. Mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa kitabu kizima kuhusu Kijuma, kilichojengwa juu ya karatasi za Dammann na makusanyo mengine, barua zikiwamo. Kilichokuwa kiambatisho kikawa matini.

Kwa mwanaisimu, thamani ya barua hizo ina pande tatu. Kwanza, ni nathari. Fasihi ya kale ya Kiswahili iliyohifadhiwa ni ya ushairi zaidi, na ushairi hutumia msamiati wa kale na mpangilio unaotii vina na mizani. Barua ya mtu anayeeleza kazi yake huonyesha Kiamu katika sentensi zisizobanwa na mizani. Pili, barua huutia mswada tarehe na mlengwa. Nakala iliyoandikwa kwa ajili ya mtaalamu wa Ulaya si sawa na nakala iliyoandikwa kwa ajili ya kisomo cha nyumbani: mnakili humfikiria msomaji wake, akafafanua zaidi, akatenga maneno, akapamba. Anayetumia nakala hiyo kama ushahidi wa tahajia ya Lamu bila kujua iliagizwa na nani atafikia hitimisho la uongo kwa njia safi kabisa. Tatu, barua humrudisha mwandishi mwenyewe katika historia. Kazi ya Kijuma iliwahi kutajwa kana kwamba miswada ilijileta yenyewe mikononi mwa wahariri. Barua zake zinaonyesha mtu mwenye elimu aliyekuwa mshirika wa kazi, aliyejua thamani ya alichokitoa.

Ikumbukwe kwamba barua ni kitu kinachoondolewa kwa urahisi kuliko vyote. Imeandikwa kwa mtu binafsi, ina habari za malipo na salamu, na mrithi wa mpokeaji huweza kuitupa huku akiutoa utendi kwa maktaba kwa heshima kubwa.

6.0 Chuo na Sauti Yake

Katika miaka ya 1960 ilipatikana njia mpya ya kuambatisha sauti kwenye karatasi. J. W. T. Allen alikusanya miswada ya pwani kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki. Katalogi yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970, na jina lake lenyewe ni tamko la kitaaluma: ni katalogi ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu, na ya kanda. Vitu hivyo viwili vimetajwa katika pumzi moja. Mwaka uliofuata Allen alitoa Tendi, mkusanyo wa tenzi sita, ukiwamo ule wa Mwana Kupona uliotungwa mwaka 1858.

Busara ya kuweka mswada na kanda katika orodha moja inaonekana wazi baada ya yale yaliyoelezwa kuhusu hati. Mtu anayeghani utendi huku mswada ukiwa mbele yake hujibu maswali yote ambayo be na dali zimeyaacha wazi. Husema panda au banda. Huonyesha mpumuo, huonyesha t ya meno na t ya ufizi, huonyesha irabu ni e au i. Zaidi ya hayo huonyesha mahali pa kituo na mahaji ya utungo, mambo ambayo hata hati ya Kirumi haiyaandiki. Kwa lugha ya sarufi, mswada ni kama mzizi na kanda ni kama kiambishi: kiambishi hakisimami peke yake, lakini kikiondolewa, mzizi hubaki bila kujulikana umetendwa nini na nani.

Hata hivyo, kanda ilileta taabu ambayo karatasi haikuwa nayo. Karatasi na kanda haviwezi kulala kitanda kimoja. Kanda ya sumaku huhitaji ubaridi na ukavu ambao rafu ya vitabu katika mji wa pwani haiutoi. Kanda zilizotengenezwa kwa asetati, zikizeeka, hutoa harufu ya siki, na tindikali hiyo si jirani mwema wa karatasi. Mashine za kuzichezea nazo hutoweka kabla ya kanda zenyewe kuharibika. Kwa hiyo kanda hutengwa na mswada, na ni sawa itengwe. Lakini siku inapotengwa ndiyo siku ya hatari. Kanda ikipewa namba mpya katika chumba kipya bila kutajwa namba ya mswada wake, hugeuka kuwa sauti isiyojulikana inasoma nini. Mswada nao hugeuka kuwa maandishi yasiyojulikana yanasomwaje. Vyote viwili vipo, vyote viwili ni vizima, na ushahidi haupo.

Jambo hilohilo limevikuta vitabu vya kufundishia Kiswahili kwa wageni vilivyouzwa pamoja na kaseti, na baadaye pamoja na diski. Mtu akikiazima leo katika maktaba nyingi, atakuta mazoezi yanayomwambia asikilize, na ndani ya jalada la nyuma atakuta mfuko mtupu.

7.0 Alama ya Kujumlisha

Kanuni za maktaba hazikulisahau jambo hili. Katika kanuni za Waingereza na Wamarekani za kuorodhesha vitabu, toleo la pili la mwaka 1978, kiambatisho kilipewa mahali pake maalumu: mwishoni mwa maelezo ya umbo la kitabu, baada ya idadi ya kurasa na kimo, huwekwa alama ya kujumlisha, kisha hutajwa kilichoambatana. Kurasa kadhaa, sentimita kadhaa, kujumlisha kaseti moja. Kanuni zilizoanza kuchukua nafasi yake kuanzia mwaka 2010 zimeendelea kukitambua kiambatisho, na katika rekodi za kompyuta kina kijisehemu chake.

Alama hiyo ndogo ni nzuri, lakini iliundwa kwa ajili ya kitabu cha kiwandani, ambacho mchapishaji alikusudia kiende na kaseti yake. Haikuundwa kwa ajili ya barua ambayo msomaji aliiweka kati ya ukurasa wa 12 na wa 13 wa utendi kwa sababu alizozijua mwenyewe. Inasema kitu kipo. Haisemi kilikuwa wapi. Kwa mswada wa Kiswahili, mahali ni nusu ya maana. Kikaratasi chenye neno moja na tafsiri yake hakina faida kikiwa katika bahasha mwishoni mwa kitabu. Kikiwa mbele ya ubeti kilipowekwa, huweza kutatua mshororo uliowashinda wahariri.

8.0 Njia za Kuhifadhi na Gharama Zake

Njia zinazotumika ni nne, na kila moja ina gharama yake.

Njia ya kwanza ni kuacha kitu pale kilipokutwa. Hulinda maana, lakini hudhuru mwili. Karatasi duni, hasa ya gazeti, huacha doa la hudhurungi katika kurasa mbili zinazoikumbatia. Pini na vibanio vya chuma hushika kutu. Vitu vikizidi, mgongo wa kitabu hupasuka.

Njia ya pili ni mfuko au bahasha iliyogandishwa ndani ya jalada la nyuma. Inafaa kwa ramani na kikaratasi cha masahihisho, nayo huenda na kitabu popote kiendapo. Lakini haifai kwa mswada, kwa sababu gundi huingia katika jalada la kale, na uzito hulivuta.

Njia ya tatu ni sanduku moja: kitabu na viambatisho vyake, kila kimoja katika bahasha yake ya karatasi isiyo na tindikali, vyote chini ya namba moja. Hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi na sanduku la juzuu. Gharama yake ni nafasi.

Njia ya nne ni kutenga kabisa, kama inavyolazimu kwa kanda na diski. Hapa ulinzi wa pekee ni maandishi: rekodi ya kitabu itaje kanda, na rekodi ya kanda itaje kitabu, pande zote mbili bila kukosa.

Kwa njia yoyote itakayochaguliwa, kuna kazi ambayo hutangulia na ambayo haihitaji fedha nyingi. Kabla ya kitu kuondolewa, huandikwa kwa penseli, juu ya bahasha yake na si juu ya kitu chenyewe, kilikutwa kati ya kurasa zipi na kikiwa kimeelekea wapi. Hupewa namba inayotokana na namba ya kitabu. Huhesabiwa, na hesabu huandikwa pale ambapo mtoa vitabu ataiona kila anapokitoa na kila anapokipokea. Gundi ya utepe haitumiki. Ni kazi ya dakika chache, nayo haiwezi kufanywa tena mwaka ujao.

Zama za picha za kidijiti hazijaondoa wajibu huu, zimeuongezea haraka. Miswada ya SOAS imeorodheshwa na mingi kupigwa picha. Miswada ya msikiti wa Riyadha wa Lamu, ulioasisiwa na Habib Saleh, nayo ilipigwa picha katika miaka ya 2010. Kazi za namna hii ni neema kwa wanafunzi walio mbali. Lakini mpiga picha hupenda ukurasa ulionyooka na usiofunikwa. Akikiondoa kikaratasi na kuupiga ukurasa peke yake, picha itakuwa safi na ya uongo. Kinachotakiwa ni picha mbili: moja kikaratasi kikiwa mahali pake, nyingine kikiwa kimeondolewa. Hapo mtazamaji aliye Bayreuth au Dodoma huona alichokiona mwenye chuo.

9.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba ushahidi wa Kiswahili ulisafiri vipande vipande: mswada Hamburg, barua London, kanda Dar es Salaam, kisa Mombasa. Hali hiyo haiwezi kubatilishwa. Linalowezekana ni kuzuia utengano mpya usioandikwa, hasa katika mahali ambapo bado vipo vyuo vingi kuliko katika maktaba zote zilizotajwa, yaani makasha na rafu za nyumba za pwani yenyewe.

Siku mwenye nyumba anapofariki na vitabu vyake kugawanywa, vitabu husafishwa. Hukung'utwa ili vumbi litoke, na pamoja na vumbi hutoka karatasi. Wanafunzi wa Kiswahili wanaokwenda katika nyumba hizo kutafuta tenzi wana wajibu wa kufika kabla ya kukung'utwa huko, au angalau kuwaambia warithi kwamba kilichoanguka sakafuni nacho ni sehemu ya chuo. Warithi wenyewe si wageni wa jambo hilo. Katika hitima ya marehemu, juzuu huhesabiwa kabla sanduku halijafungwa, na ikipungua moja, watu hawaondoki mpaka ipatikane.